Ratiba za usafiri wa pwani ya Uingereza hazijui maji kujaa wala kupwa: malalamiko ya mtazama ndege asiye na gari

Ndugu wanajukwaa, hasa nyinyi mnaoishi huku Uingereza na kupenda ndege wa pwani bila kumiliki gari,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ingawa nitajitahidi kuandika kwa adabu, hasira yenyewe sitaificha. Pwani ya mashariki ya nchi hii ni miongoni mwa sehemu bora za Ulaya za kutazama ndege wa maji, na kila siku tunahimizwa tuache magari nyumbani kwa ajili ya mazingira. Hata hivyo, mtu anayetaka kutoka London alfajiri na kurudi jioni kwa treni na basi hujikuta akimaliza usiku mzima kulinganisha ratiba ambazo hazikuandikwa kwa nia ya kusomwa pamoja. Kisha akifika, ndege wameshaondoka.

Nianze na hifadhi ya ndege ya Snettisham, kwa kuwa ndiko upuuzi huu unakoonekana waziwazi. Hifadhi hiyo iko ukingoni mwa Wash, ghuba pana ya matope iliyoko kati ya Norfolk na Lincolnshire, ambako makumi ya maelfu ya vitwitwi hula matopeni maji yanapokupwa, na maji yanapojaa kabisa husukumwa wote kwa pamoja hadi kwenye mabwawa yaliyo nyuma ya ufuko, wakiruka kwa makundi yanayotia giza anga. Jambo hilo huonekana vizuri wakati wa bamvua tu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Waliokulia Tanga, Pemba au Lamu hawahitaji kufundishwa bamvua ni nini, na wanajua pia kwamba mahali pamoja bamvua hujaa kwa saa zinazokaribiana, mwezi hata mwezi. Katika Wash saa hizo ni kati ya saa 12 na saa 2 hivi, asubuhi na jioni. Maji yanayojaa karibu na adhuhuri, muda ambao mabasi yapo na treni zina nafasi tele, ni maji mafu. Hayafuniki matope yote, na ndege hawana sababu ya kuhama. Kwa maneno mengine, usafiri wa umma hukufikisha Snettisham kwa uhakika siku ambazo hakuna cha kuona.

Fanyeni hesabu wenyewe. Anayetoka London hana budi kupanda treni hadi King's Lynn, apande basi la kuelekea Hunstanton, ashuke kijijini, kisha atembee mwendo mrefu hadi ufukoni na kutoka hapo hadi kwenye vibanda vya kutazamia. Hata akipanda treni ya kwanza kabisa ya siku, atakuta vitwitwi wamesharudi matopeni, mbali, wakionekana kama vumbi kwenye darubini. Akiamua kungoja maji ya jioni, atatoka hifadhini giza likiingia, atembee tena hadi barabarani, na aombe Mungu basi la usiku lisiwe limefutwa. Njia iliyobaki ni kulala huko, na hapo si safari ya siku moja tena, wala bei yake si ile mliyoiona kwenye tangazo. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba siku za bamvua hujulikana miaka mingi kabla. Hesabu za maji haziwi siri hata kidogo. Zinachapishwa na ofisi ya serikali ya ramani za bahari. (Tahadhari kwa wageni: majedwali hayo rasmi huandikwa kwa saa za Greenwich, hivyo majira ya kiangazi lazima uongeze saa 1, na ratiba za mabasi huandikwa kwa saa za kiangazi. Hata saa hawajakubaliana.)

Nenda kidogo kaskazini, kwenye barabara ya A149 inayopita Titchwell, Wells na Cley. Cley ni sehemu yenye heshima yake: mwaka 1926 mabwawa yake yalinunuliwa ili yawe hifadhi, na shirika la wanyamapori la Norfolk lililoanzishwa kuyatunza likawa la kwanza la aina hiyo kwa mkoa wowote wa Uingereza. Mtu mwenye akili timamu angependa kuona Titchwell asubuhi na Cley alasiri, kwani zote mbili ziko kwenye barabara hiyohiyo moja ya pwani. Lakini huduma ya basi imegawanywa kati ya kampuni mbili na mpaka wao uko Wells, kwa hiyo msafiri hushuka, husubiri na kupanda tena, akiwa ameshika ratiba mbili mkononi. Reli ya Hunstanton ilifungwa mwaka 1969, na ya Wells ikatangulia katika muongo huohuo, kwa hiyo kati ya King's Lynn na Sheringham pwani nzima hiyo haina treni. Njia ya treni iliyobaki, ya kutoka Norwich hadi Sheringham, imepewa jina la ndege mmoja wa matete wa jamii ya korongo. Jina wametupatia, namna ya kumfikia ndege mwenyewe ni juu yetu.

Na majira ya baridi ndiyo yenye uchungu zaidi. Mabata bukini wenye miguu ya waridi huja Norfolk kutoka Iceland na Greenland katika vuli na kukaa hadi mwisho wa baridi, na uzuri wao ni alfajiri wanapotoka walikolala na jioni wanaporudi. Hapo ndipo mabasi ya pwani hupunguzwa, kwa hoja kwamba watalii wamekwisha. Kwa wapanga ratiba, mtalii ni mtu wa Agosti mwenye aiskrimu. Mtu mwenye darubini, kofia ya sufu na chupa ya chai mwezi Januari hayumo katika hesabu zao.

Minsmere, huko Suffolk, nayo ina kisa cha kukera. Mwaka 1940, kwa hofu ya uvamizi wa Wajerumani, ardhi ya hapo iligharikishwa kwa makusudi, na mabwawa yaliyotokana na hatua hiyo yakawavuta avoseti, ndege weupe na weusi wenye mdomo uliopinda kwenda juu, ambao walikuwa wameacha kuzaliana Uingereza kwa karibu miaka 100. Walirudi kuzaliana mwaka 1947. Mwaka huo huo abiria angeweza kushuka treni Leiston, mji ulio jirani. Treni za abiria za tawi hilo zilikomeshwa mwaka 1966, lakini msidhani reli iling'olewa yote: sehemu yake iliachwa ili kubeba mizigo ya kituo cha nyuklia cha Sizewell, ambacho kiko ubavuni mwa hifadhi hiyohiyo. Mabaki ya nyuklia yalipata treni. Sisi tunashuka Darsham, kama kilomita 8 kutoka lango la hifadhi, na kutazamana. Kutembea kwenye barabara za vijijini zisizo na njia ya waenda kwa miguu ni hatari, teksi lazima uiagize mapema, na yale mabasi ya kuitwa kwa simu ambayo baadhi ya wilaya hujivunia hutaka uyawekee nafasi kabla, huku Jumapili mara nyingi yakiwa yamelala.

Sasa nije kwenye kiini cha lalamiko langu, nacho ni kwamba hakuna mtu yeyote mwenye wajibu wa kuunganisha treni na basi. Majira ya baridi yaliyopita, katika kituo kimoja kidogo cha pwani ambacho sitakitaja, treni yetu ilichelewa kwa dakika chache tu. Basi tuliliona kwa macho yetu tukiwa bado juu ya daraja la kuvukia reli; tuliona milango ikifungwa, tukapunga mikono, likaondoka tupu. Lililofuata lilikuwa baada ya saa 2, na siku ya Desemba katika nchi hii haina saa za kugawa. Nilipoandika kulalamika, kampuni ya basi ilinijibu kwamba kuchelewa kwa treni hakuihusu. Kampuni ya treni nayo ikajibu kwamba tiketi yangu iliishia kituoni, na kituoni nilifikishwa. Fidia kwa kampuni nyingi za treni huanza kuhesabiwa ucheleweshaji unapofika dakika 15, kwa hiyo dakika chache zilizoniharibia siku nzima hazina thamani mbele ya sheria.

Kilichonichemsha damu nilikigundua baadaye. Kwa kiwango kinachotumika hapa kupima mabasi, basi linaloondoka kabla ya kutimia dakika 6 baada ya muda wake huhesabiwa kuwa limeondoka kwa wakati. Basi lile lingeweza kutungoja tushuke ngazi, likaondoka, na bado likaandikwa kuwa halikuchelewa. Simlaumu dereva, ambaye huenda hata hakuambiwa kuna treni inayokuja. Nawalaumu waliompa kazi bila kumpa habari hiyo.

Mzizi wa haya ni sheria ya usafiri ya mwaka 1985, iliyoanza kutumika kwa mabasi Oktoba 1986 na kuyaachia soko huria kila mahali isipokuwa London. Tangu hapo, sehemu nyingi, kampuni hupanga njia na saa kwa kadiri ya faida yake, na halmashauri hununua vipande vilivyobaki kwa fedha za umma. Nitakuwa mwadilifu: kikomo cha nauli ya pauni 2 kilichowekwa Januari 2023, na kilichopandishwa kuwa pauni 3 Januari 2025, kimetusaidia sana sisi wa safari ndefu za vijijini. Lakini nauli nafuu ya basi lisilokuja ni nafuu kwa nani?

Kwenye treni kuna mtego mwingine. Siku za kazi, tiketi za bei ya chini kwa kawaida huanza kutumika saa 3:30 asubuhi au karibu na hapo, wakati ndege wa alfajiri wameshatulia. Mwishoni mwa wiki sharti hilo huondoka, lakini ndipo matengenezo ya reli yanapofanyika, na badala ya treni unapewa basi linalozunguka kila kijiji.

Msije mkaniambia haiwezekani, maana sehemu zinazowezekana zipo. Leighton Moss, karibu na Morecambe Bay, unashuka Silverdale na hifadhi iko hatua chache kutoka kituoni. Dawlish Warren, huko Devon, kituo kiko jirani kabisa na hifadhi, na Topsham, upande wa pili wa mto Exe, unatembea kwa starehe hadi kuwaona avoseti wa majira ya baridi. Kwa sisi wa London, Leigh-on-Sea ni treni moja tu, na bata bukini weusi hujaa matopeni pale kuanzia vuli. Hata Bempton huko Yorkshire, yenye majabali ya ndege wa baharini wapatao nusu milioni, ina kituo cha treni kijijini, ingawa kutoka London ni safari ya kumchosha mtu. Tazameni lakini sababu: takriban zote hizo zinafikika kwa sababu wajenzi wa reli wa karne ya 19 walipita hapo kwa shughuli zao. Hakuna aliyelipanga hilo kwa ajili yetu. Isipokuwa kisiwa cha Holy Island, Northumberland, ambako barabara hufunikwa na bahari mara mbili kwa siku na ratiba ya basi la kutoka Berwick hubadilika kufuata maji, kwa kuwa vinginevyo basi lingezama. Kwa hiyo inawezekana kusoma jedwali la maji na kupanga ratiba juu yake; tatizo ni kwamba hufanyika pale tu chombo chao chenyewe kinapokuwa hatarini.

Najua atakuja mtu hapa kuniambia ninunue gari. Ndugu yangu, kabla hujaandika hivyo, kaangalie maegesho ya Snettisham asubuhi ya bamvua kuu, kisha uniambie hayo magari yote yanawasaidia nini ndege tunaodai kuwapenda.

Madai yangu si makubwa. Basi linalopita kituo cha treni lingoje treni iliyochelewa ndani ya zile dakika ambazo kanuni inaruhusu, na kama basi hilo ni la mwisho, lingoje zaidi. Siku za bamvua kuu za Agosti na Septemba, basi moja la alfajiri kutoka King's Lynn liende hadi ufukoni, na mashirika ya hifadhi yenye wanachama wengi yachangie gharama badala ya kupanua maegesho. Na maelezo ya namna ya kufika yaanze na miguu, treni na basi, pamoja na saa ya basi la mwisho la kurudi, maana mara nyingi huanza na maegesho na sisi tunawekwa chini kabisa.

Ninaandaa barua kwa halmashauri ya Norfolk na nakala kwa mbunge wangu. Mwenye uzoefu wa njia hizo, hasa aliyewahi kufanikiwa kuona maji ya asubuhi ya Snettisham bila gari na bila kulala huko, aandike hapa chini alipanda nini, saa ngapi, na siku gani ya wiki.