Kwa nini Max aliitoa dhahabu kwa ajili ya Riton?

Mkazi wa Ngara:
Ndugu wapenzi wa filamu, naomba maoni yenu kuhusu Touchez pas au grisbi, filamu ya Kifaransa ya mwaka 1954 iliyoongozwa na Jacques Becker, ambayo sisi tulioitazama pamoja hapa Nairobi bado tunabishania. Max, jambazi wa makamo anayeigizwa na Jean Gabin, ameficha dhahabu ya faranga milioni 50 iliyoibwa katika uwanja wa ndege wa Orly. Rafiki yake Riton anamfunulia siri hiyo Josy, msichana anayempenda, na Josy anaifikisha kwa Angelo, kiongozi wa genge pinzani. Riton anapotekwa, Max anakubali kuitoa dhahabu yote ili amkomboe. Kwa nini mtu aliyekusudia kustaafu aiachilie mali yake kwa sababu ya rafiki asiyejua kutunza siri?

Mwalimu wa Buruburu:
Ndugu muulizaji, jibu limo katika usiku ule ambao Max anamficha Riton katika nyumba isiyojulikana na mtu, wakala na kunywa mvinyo, kisha akampa pajama na mswaki. Mwongozaji mwingine angeipita sehemu hiyo haraka, lakini Becker anatuacha tuwatazame wanaume wawili wanaozeeka wakipiga mswaki, na Riton akijikagua usoni mbele ya kioo baada ya kuambiwa kwamba wasichana kama Josy si wa umri wake. Kwangu mimi, hayo ndiyo mapenzi makubwa ya filamu hii.

Dada wa South B:
Nakubaliana na Mwalimu, ila tusimfanye Max kuwa mtakatifu. Riton anapotekwa, tunamsikia Max moyoni mwake akilalamika jinsi rafiki huyo alivyomgharimu miaka yote, na bado anakwenda. Uamuzi wake una uzito kwa sababu anaijua gharama. Tena hapati chochote: Angelo anavunja makubaliano, dhahabu inabaki ndani ya gari linaloteketea, na Riton anafariki kwa majeraha. Max analazimika kuketi mkahawani kama kawaida, kwa kuwa majonzi yake yangeweza kumfichua.

Linalonisikitisha ni Josy. Jeanne Moreau anamwigiza kwa uhai mwingi, lakini hadithi haitaki kujua yeye mwenyewe alihitaji nini kwa Riton au kwa Angelo.

Mkazi wa Ngara:
Asanteni. Basi nitaurudia usiku ule wa mvinyo, nikimsikiliza zaidi Riton, ambaye nilimhukumu mapema.