Mjadala: Mtambo wa gesi asilia ujengwe huku mashinani? Gesi yenyewe itatoka wapi

Mkulima wa Miwa, Chemelil

Wadau hamjambo. Tangu marufuku ya mikataba mipya ya kununua umeme kutoka kwa wenye mitambo iondolewe mwishoni mwa 2025 kila mtu huku Nyando, Kaunti ya Kisumu, ako na mpango wake wa stima, na ule unasikika sana sokoni na kwa matanga ni kwamba tutafutiwe mwekezaji ajenge mtambo wa gesi asilia huku kwetu, ati ardhi iko, maji ya mto yako, vijana wamekaa bure, sasa shida iko wapi. Naomba tubishane kwa heshima lakini tubishane kweli, maana mkataba wa umeme ukishasainiwa mtakaa nao miaka na miaka.

Mimi napinga, na sababu yangu kubwa ni moja. Gesi yenyewe hatuna. Kenya haina kisima hata kimoja kinachotoa gesi asilia ya kuuza. Ile ya mtungi tunapikia ni kitu kingine kabisa. Gesi asilia ikija kwa meli lazima ipoozwe mpaka nyuzi 162 chini ya sufuri igeuke kimiminiko, halafu ikifika bandarini inahitaji kituo cha kuirudisha kuwa gesi tena, na kituo kama hicho hatuna. Bomba linalofika Kisumu linabeba petroli, dizeli na mafuta mengine ya aina hiyo, hakuna bomba la gesi asilia linalokuja huku. Kwa hivyo ni malori karibu kilomita 800 za barabara kutoka Mombasa, kila siku, mvua jua, na Mau Summit mnaijua.

Na tusiende mbali kutafuta mfano. Ile tabaini ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ya megawati 30 pale Muhoroni ililetwa kutoka Embakasi mwaka wa 2016. Watu wanaiita ya gesi lakini inachoma mafuta, na umeme wake ni kati ya ule wa bei ghali kabisa nchini. Iliwekwa kwa sababu sisi huku tuko mwisho wa laini, jioni nguvu inashuka, mtambo wa karibu unasaidia kuinua. Sawa, nakubali inasaidia. Lakini hayo mafuta analipa nani? Chukua simu yako sasa hivi utafute meseji ya tokeni ya stima ya mwisho, zile namba 20 ziwache, shuka chini. Utaona pesa ya mafuta, utaona foreksi, utaona inflesheni, ushuru, kila kitu kimekatwa kabla wewe hujapata yuniti moja. Mafuta yakipanda duniani ama shilingi ikianguka mwenye mtambo haumii, ile bei inashuka moja kwa moja mpaka kwa meseji yako. Gesi ya kununua nje itaingilia mlango huo huo. 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, Ulaya ilinunua meli za gesi kwa bei yoyote, Pakistan ikazikosa, watu wakakaa gizani na mitambo yao iko hapo mizima. Nchi ya watu zaidi ya milioni 200. Sisi na kaunti yetu tungemwambia nani?

Welda wa Awasi

Mzee wangu heshima yako, lakini wewe unaongea kama mtu hana kazi ya jioni. Mimi nachomelea mageti. Mteja anakuja akitoka kazini na hapo ndio stima inalegea, mashine inanguruma vizuri tu lakini rodi inanata kwa chuma, unaikongoa, unaigusisha tena, inanata, mwisho unamwambia arudi kesho na kesho anaenda kwa mtu ako na jenereta. Hata Rais amekubali hadharani jioni kuna sehemu zinazimwa juu stima haitoshi. Sondu Miriu ni megawati 60 lakini inategemea mto, kiangazi kikiingia nayo inapungua. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Gesi unaiwasha saa ile unaihitaji na inaitika haraka, hiyo ndio faida yake na hujaitaja.

Halafu Tanzania si hapa tu? Gesi ya Songosongo imewasha Dar tangu 2004, na 2021 Uhuru na Mama Samia walisaini makubaliano ya bomba la kutoka Dar mpaka Mombasa. Mbona tusijipange mapema? Kazi za mjengo pekee zitashikilia vijana wa hapa miaka miwili mitatu, wewe unawapa nini badala ya hiyo?

Mama wa Koru

Mimi sijui mambo ya megawati, nauliza ya shamba. Hili tunalima liko kwa jina la babu wa mume wangu, alikufa zamani na urithi haujawahi kupelekwa kortini. Wakija kupima, fidia inaandikwa jina la nani? Naona wanaume watano wakijitokeza na mimi ninayelima nikiambiwa ningoje nje.

Mwalimu, Naivasha

Mama, hilo swali lako ndilo watu huwa wanalikumbuka wakati wamechelewa. Huku Nakuru tumeliona. Olkaria IV, mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini, ilipojengwa, familia za Wamaasai zilihamishwa 2014 zikapelekwa kijiji kipya cha RAPland. Nyumba walijengewa, na shule, lakini malalamiko kuhusu barabara, hati ya ardhi na watu walioachwa nje ya orodha yalifika mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ikabidi wapatanishi waingie kati. Na huo ulikuwa mradi wenye pesa na macho ya dunia nzima. Kwa hivyo peleka hilo jambo la urithi kortini sasa, mradi uje usije.

Niongeze kitu kimoja ambacho sioni mkikitaja. Sheria ya Kawi ya 2019 inasema mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti, 5 jamii ya pale. Gesi ikinunuliwa ng'ambo hakuna kinachotoka chini ya ardhi yenu, hiyo 5 hamtaidai popote. Mnabaki na joto, kelele, malori na fidia ya mara moja. Na msidanganywe kwamba serikali ikishaamua imeisha. Mtambo wa makaa wa Lamu, megawati 1,050, ulikuwa na leseni ya mazingira mkononi na jopo la kitaifa la mazingira likaifuta Juni 2019, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mkulima wa Miwa, Chemelil

Asante mwalimu, hiyo ya asilimia 5 sikuwa nimeiweka na ni nzito.

Kijana wangu wa Awasi, sikubishii hata neno moja kuhusu ile rodi. Hiyo shida ni ya kweli na inakula riziki. Lakini angalia vizuri inatoka wapi. Rodi inanata kwa sababu nguvu imeshuka njiani, umeme umesafiri mbali kwa waya uliolemewa na transfoma iliyobeba watu kupita kiasi. Ndio maana ile laini ya kilovolti 220 ya Olkaria, Lessos mpaka Kisumu ilikuwa muhimu kwetu, kwa sababu mvuke wa Naivasha ukifika huku vizuri hatuna haja ya kuchoma kitu cha kununuliwa kwa dola. Tupiganie vituo vya kupokea na transfoma za kutosha huku vijijini mpaka zifike kwa karakana yako. Na kama ni lazima nchi ichome gesi, basi ichomwe pale Dongo Kundu, Mombasa, karibu na bandari halafu waya ulete umeme. Kuleta umeme kwa waya na kuleta gesi kwa lori, mhandisi yeyote mwaminifu atakwambia ipi ni nafuu.

Tanzania naiheshimu, gesi wako nayo. Lakini kumbuka Mtwara, Mei 2013, watu wa pale walipoona gesi inatoka kwao inaenda Dar kulikuwa na ghasia na watu wakafa. Na hayo makubaliano ya 2021 unayoyataja, bomba bado halipo, na hata likijengwa linaishia Mombasa.

Umeniuliza nawapa vijana nini. Makapi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias mwaka wa 2009 waliweka mtambo wa megawati 35 unaochoma makapi, 26 zikaenda kwa gridi ya taifa, hapa hapa Magharibi, na kuni yake ilikuwa inaletwa na trekta ya mkulima. Ulisimama kwa sababu kiwanda chenyewe kiliporomoka, teknolojia haikuwa na kosa. Sasa Chemelil na Muhoroni viwanda vimekodishwa kwa watu binafsi tangu 2025, hao ndio wa kukaliwa chini waulizwe makapi yanaenda wapi. Najua miwa ikikosekana boila inalala, na najua haitatosha Nyanza yote peke yake. Lakini mwenye miwa analipwa kwa shilingi, na kazi ya kukata, kupakia na kubeba inabaki hapa mwaka baada ya mwaka, si ya mjengo halafu mnaambiwa asanteni, tumebaki na wahandisi na walinzi.

Kwa wale mtaenda baraza hii ikija mbele ya chifu, naomba msiulize kazi ni ngapi kwanza. Ulizeni gesi inatoka nchi gani na kwa njia gani, bei ikipanda mara mbili nani anabeba, na mtambo ukilala kwa kukosa gesi kama bado tutaulipia, kwa sababu iko mikataba hapa Kenya ambayo mtambo unalipwa hata ukiwa umezimwa. Mtake majibu kwa maandishi. Na kama kuna mtu ameona rasimu ya mkataba wa aina hii kwa macho yake, aiweke hapa tuisome pamoja kabla wiki haijaisha.

Welda wa Awasi

Sawa mzee, hiyo ya kulipia mtambo umezimwa sikuijua. Bado nataka stima ya jioni lakini hilo swali nitaliuliza mimi mwenyewe.