Wateja wanakula mchana wangu wote, nyinyi mnapangaje muda?

BintiCherehani (Ngamiani, Tanga)
Asalaam aleikum. Nina chumba cha ushonaji huku Ngamiani: cherehani moja ya kushonea na ovaloku, ile mashine ya kuzuia kingo za kitambaa zisifumuke, na mdogo wangu ananisaidia vifungo na pasi. Kazi ninayo, alhamdulillah. Shida ni saa. Nafungua saa mbili asubuhi, na hadi adhuhuri nimeshachukua vipimo, nimejibu simu za "limeisha?", nimepunguza kiuno cha sketi ya mtu aliyesimama mlangoni. Gauni lenye kola, linalotaka akili iliyotulia, naligusa jioni nimeshachoka. Nilinunua daftari nikapangia kila saa kazi yake, wiki haikuisha ratiba imevurugika. Wenye kazi za mikono mnafanyaje? Tafadhali nisiambiwe nipunguze usingizi, nina mtoto mchanga.

Kijana wa Makorora
Zima simu, funga mlango. Mwenye shida atasubiri.

BintiCherehani
Kaka, mlango wangu ukifungwa anaingia wa jirani.

Mama Mwani (Mlingotini, Bagamoyo)
Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nalima mwani, na saa zangu zinapangwa na bahari. Wanaotufundisha habari za muda husema kama vile saa zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Hapo ndipo tunafunga mbegu kwenye kamba, tunakaza vigingi, tunavuna. Kesho yake maji yanachelewa, kwa wastani dakika hamsini kila siku, halafu yanakuja maji mafu, hayapwi vya kutosha, shambani hapaendeki. Mwani uliokomaa, kwenye wiki ya sita hivi, usipovunwa unakatika na mawimbi yanauchukua.

Kwa hiyo mtu akiniita kwenye kikao saa nne siku ya bamvua, nakataa bila kuona haya, hata awe mwenyekiti wa kikundi. Siku za maji mafu nipo: natazama wagonjwa, natengeneza vijikamba, naenda mjini. Na jirani akifiwa naacha kila kitu nakwenda. Huo siuhesabu kuwa muda uliopotea, na wewe usiuhesabu hivyo.

Sasa na wewe itafute saa yako ya maji kupwa. Wateja wanaanza kujaa saa ngapi? Kama ni saa nne, basi kuanzia saa mbili ni kola na mikono tu, simu ashike mdogo wako na vipimo aandike yeye, ukimfundisha ataweza. Sketi za kupunguza ziwe baada ya alasiri. Ratiba yako naona ilivurugika kwa sababu ulizipangia hata saa zisizokuwa zako, za mtoto, za umeme, za watu. Linda hiyo moja kwa nguvu zote, nyingine ziache ziende zinavyokwenda.

Fundi wa Pongwe
Naunga mkono, na naongeza la ahadi. Usimtajie mteja siku ya kuchukua kabla hujafungua daftari ukaona foleni. Mimi kila kitambaa nakibania karatasi yenye siku mbili, ya kukata na ya kuchukua. Ya kukata ndiyo inayoniamsha, maana ikipita hiyo, ya kuchukua nayo imeshapita hata kama mteja hajajua. Msimu wa sare za shule na Idi ukikaribia, oda mpya nazipa tarehe ya baada ya sikukuu, anayekubali aache kitambaa.

BintiCherehani
Shikamoo mama. Kweli, wanaanza kuja soko la Mgandini likishachangamka, kama saa nne hivi. Kumbe nina saa mbili nzima nilikuwa nazimalizia kwenye simu za watu! Na mtoto akiamka katikati?

Mama Mwani
Marahaba. Mnyonyeshe mpaka ashibe. Ila jioni ya jana yake uwe umeshatunga uzi wa rangi hiyo na kupanga vipande vyako kwa mfuatano, ukirudi kitini unaanzia pale pale ulipoachia.