Sahani za jazz na rock alizonikabidhi mjomba: je, niziuze zile zilizotengenezwa Kenya?

MpwaWaKilimani ameuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Mjomba wangu amestaafu na kurejea nyumbani Machakos, na kabla ya kuondoka Nairobi amenikabidhi mkusanyiko wa sahani za santuri alioanza kuununua miaka ya sabini. Nyingi ni za jazz ya Marekani, hasa Miles Davis na John Coltrane. Zilizobaki ni za rock ya Uingereza, Led Zeppelin na Deep Purple wakiongoza, na humo humo mna sahani chache za bendi za Kenya ambazo majina yake nayasoma kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyenifanya niupende muziki huu, lakini mimi niliusikiliza kwa kanda na baadaye kwa simu, kwa hiyo mambo ya sahani ni mageni kwangu.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kwamba sahani nyingi zimeandikwa kwenye lebo kuwa zilitengenezwa Kenya, na mfanyabiashara mmoja ameniambia kwamba hizo hazina thamani, kwamba mkusanyaji wa kweli hutafuta toleo la Marekani au la Uingereza tu, ila kwa kunisaidia yuko tayari kuzichukua zote kwa bei ya jumla. La pili linahusu gramafoni niliyoletewa na binamu yangu kutoka Marekani, ambayo naiwasha kwa transfoma ya kushusha umeme. Kila sahani inatoa sauti nzito na ya kujikokota, na saksafoni ya Coltrane inasikika kama ya mtu anayepiga huku akisinzia. Je, sahani zimechakaa au mashine ndiyo mbovu?

Fundi wa Ngara amejibu:

Ndugu yangu, nitaanza na swali la pili, kwa maana hutaweza kuamua lolote kuhusu sahani hizo kabla ya kuzisikia zikiimba kwa sauti yake halisi.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali ule wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60. Transfoma yako hushusha volti, na kwa kufanya hivyo huinusuru mota isiungue, lakini haina uwezo wowote juu ya ile mizunguko. Gramafoni nyingi za zamani zina mota ambayo kasi yake hufuata mizunguko ya umeme moja kwa moja, na mota ya namna hiyo iliyoundwa kwa mizunguko 60 ikipewa 50 hupoteza sehemu moja kati ya sita ya kasi yake. Sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka chini ya mara 28, muziki wote hushuka kwa takriban nusu toni tatu, na upande wa dakika 22 huchukua zaidi ya dakika 26. Huo ndio usingizi unaousikia.

Usinunue kifaa chochote cha kupimia. Bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa, kisha hesabu karatasi hiyo inapita mara ngapi kwa dakika tatu. Mashine iliyo sawa hutimiza mizunguko 100 kamili. Ukipata 83 hivi, tatizo ni hilo nililolieleza. Ukipata hesabu nyingine, au hesabu inayobadilika kila unapopima, hapo tutashuku ukanda wa mpira uliolegea au mafuta yaliyoganda kwenye ekseli. Usitegemee zile nukta za ukingoni mwa kisahani, yaani sehemu inayozunguka na kubeba sahani, zinazomulikwa na taa ya mashine, kwa sababu taa hiyo nayo hufuata umeme wetu na inaweza kukudanganya.

Jambo moja zaidi kabla hujaharibu mali ya mjomba: badilisha sindano. Sindano iliyochakaa hukwangua mifereji ya sahani, na mfereji uliokwanguliwa haurudi. Vichwa vingi vya sindano vya kawaida hutaka uzito wa kati ya gramu moja na nusu na mbili, kwa hiyo yule atakayekushauri uweke sarafu juu ya kichwa ili sindano isiruke, mpuuze.

Binti wa Soko la Kenyatta amejibu:

Fundi amemaliza la mashine, nami nitajibu la biashara, na nitasema wazi kwamba simwamini mtu anayekuambia kitu hakina thamani huku ameshika pochi mkononi.

Kampuni kubwa kama EMI, CBS na PolyGram zilikuwa na matawi hapa nchini, na Nairobi ilikuwa kitovu cha utengenezaji wa sahani kwa ukanda huu wote wa Afrika Mashariki. Sahani ya Led Zeppelin iliyotengenezwa hapa ilitolewa kwa idadi ndogo mno ikilinganishwa na zile za Marekani na Uingereza, na wapo wakusanyaji ng'ambo wanaotafuta albamu moja katika matoleo ya kila nchi, ambao kwao maneno yale yaliyoandikwa kwenye lebo ndiyo sababu ya kununua. Hata hivyo sitakudanganya: kwa upande wa jazz, matoleo ya kwanza ya Marekani bado ndiyo ghali. Ukipata humo sahani yoyote ya Blue Note, kampuni ya Marekani ya sahani za jazz, itazame chini ya mwanga katika sehemu laini isiyo na muziki, pale karibu na lebo. Herufi RVG zinaonyesha kwamba ilichongwa na mhandisi wa sauti Rudy Van Gelder, na alama ndogo inayofanana na sikio inaonyesha kwamba ilitoka kwenye kiwanda kilichoitengenezea kampuni hiyo sahani hadi mwaka 1966. Sahani yenye alama zote mbili usimpe mtu yeyote kwa bei ya jumla.

Ila mimi kilichonishtua katika maelezo yako ni zile "sahani chache za bendi za Kenya". Ndugu, hebu tuambie ni zipi! Katika miaka ya sabini mji huu ulikuwa na Black Savage, bendi ya rock ambamo alipitia Ayub Ogada muda mrefu kabla ya dunia kumfahamu kwa nyatiti yake. Kulikuwa na Matata waliokwenda kujaribu bahati London, na kutoka pwani kulikuwa na Slim Ali na Hodi Boys. Miles Davis utampata upya wakati wowote, kwa kuwa albamu zake hazijaacha kutolewa. Hao wa kwetu, sahani ikivunjika, huenda ukamaliza miaka mingi ukizunguka sokoni na River Road bila kuona nyingine. Ningekuwa wewe ningeuza Zeppelin wote kabla ya kugusa hizo.

Ukizisafisha, tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na kitambaa laini. Kama kuna sahani za zamani nzito zinazozunguka mara 78, usizipake spiriti kabisa, maana huyeyusha ule utomvu uliotengenezea sahani zenyewe.

Mzee wa Korogocho amejibu:

Naongezea jambo dogo kwa faida ya mpwa wetu. Ukisharekebisha kasi, na kama mjomba alikuachia *Kind of Blue* ya Miles Davis, utagundua kwamba sauti za muziki wa upande wa kwanza ziko juu kidogo kuliko za upande wa pili. Usimrudie fundi. Siku ya tarehe 2 Machi 1959, nyimbo za upande huo ziliporekodiwa New York, mashine kuu ya kunasa sauti ilikuwa ikienda polepole kidogo, kwa hiyo kila sahani iliyotokana na mkanda ule hucheza kwa kasi zaidi. Kosa hilo halikusahihishwa hadi toleo la mwaka 1992.

Kuhusu kuuza na kununua, mimi hushangaa vijana wanaotoa fedha nyingi kwa toleo la kwanza la Marekani, wakalipia na usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, lakini tamasha likifika mjini wanasema kiingilio ni ghali. Tamasha la jazz la Safaricom lilipoanza mwaka 2014, mapato yake yalikwenda kwa Ghetto Classics, mradi unaofundisha watoto wa huku kwetu muziki wa okestra, na nimewaona vijana hao wakisimama jukwaani na wageni wa kimataifa. Wapenzi wa rock nao wana Crystal Axis na Murfy's Flaw, na Alliance Française pale Loita Street hualika wanamuziki mara kwa mara. Kama ni lazima uuze kitu, uza zile zilizojirudia, kisha uwasikilize walio hai.

MpwaWaKilimani amejibu:

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimehesabu kama fundi alivyoelekeza, nikapata 83. Mfanyabiashara nimemwambia asubiri. Dada wa Soko la Kenyatta, mojawapo ni ya Black Savage kweli, jalada limechanika pembeni lakini sahani yenyewe haina mikwaruzo. Sasa fundi, je, mashine hii inatibika au nimrudishie binamu?

Fundi wa Ngara amejibu:

Inatibika. Ifungue chini ya kisahani uitazame ile puli ndogo ya mota inayoshika ukanda. Watengenezaji wengi walitoa puli za aina mbili, na ya mizunguko 50 ni pana kuliko ya 60 kwa asilimia 20. Niandikie jina na nambari ya mashine nitafute ya kwake. Isipopatikana, fundi wa mashine ya kukereza vyuma anaweza kukuchongea kwa kipimo hicho, mradi umpelekee ya zamani aitazame. Transfoma iendelee kubaki.