Naomba ushauri: video yangu ya Juni 25 inaonyesha askari akimpiga mtu risasi, na inaonyesha pia kijana wa jirani akiiba

Fundi wa Sare (mwenye uzi)

Hamjambo ndugu zangu. Nawaomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu, maana kila ninayemuuliza nyumbani anauona upande mmoja tu wa jambo hili.

Mimi nashona sare za shule katika jengo moja upande wa River Road, Nairobi, orofa ya kwanza. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya kuwakumbuka waliouawa 2024 kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, nilifungua kwa sababu nilikuwa na oda ya watu. Asubuhi vijana walipita wakiimba, wana bendera na chupa za maji, majina ya waliokufa wameyaandika kwenye vipande vya maboksi. Hawakugusa duka la mtu. Mchana mambo yakageuka. Nikafunga mlango wa chuma, nikabaki dirishani na simu.

Video ina dakika nne na kitu. Mwanzo wake kuna kundi linavunja duka la viatu lililo mkabala nasi. Halafu gari la polisi linaingia, watu wanatawanyika. Kuna baba mmoja wa mkokoteni, alikuwa ameegesha viazi vyake chini ya dirisha langu tangu asubuhi. Anajaribu kuuvuta mkokoteni aingie nao kichochoroni, gurudumu limenasa kwenye mtaro. Hakutupa jiwe, hakuimba, mikononi hana kitu ila mpini. Askari anashuka, anapiga goti moja chini, anamlenga, anampiga risasi ya paja. Gunia linapasuka, viazi vinatapakaa, wenzake wawili wanakuja wameinama wanamburuta kwa mabega.

Siku hiyo Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vituo vya runinga na redio viache kurusha maandamano moja kwa moja, na KTN na NTV wakazimiwa mitambo. Mpwa wangu akasema basi tukipe kituo kimoja video hii, nchi ione. Tukawatumia yote. Kesho yake wakaonyesha sekunde chache za duka likivunjwa, mtangazaji akasema wahuni waliteka maandamano. Baba wa viazi hakuonekana hata kidogo.

Sasa mke wake amenitafuta. Mumewe ana vyuma mguuni, hajui kama atasukuma mkokoteni tena. Anataka video aipeleke IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi, nami moyo wangu unataka kumpa. Tatizo ni kwamba kijana mmoja anayetoka dukani na katoni kichwani ni mtoto wa jirani yangu ninakoishi, na uso wake uko wazi kabisa. Ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, kazi hana. Tunaona vijana wanavyopelekwa mahakama ya Kahawa kushtakiwa ugaidi. Na juzi watu wawili walikuja jengoni wakamuuliza mlinzi ni nani aliyekuwa na kamera siku ile.

Nikate sehemu ya duka, nimpe mama huyu iliyobaki? Nitoe yote? Au ninyamaze?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mswada ule wa 2024 ulitaka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Watu waliingia barabarani kwa ajili ya mtu kama huyu baba, anayenunua mafuta ya kupima kibandani. Na ndiye aliyepigwa, na ndiye aliyekatwa kwenye habari.

Mwanagenzi_254

Mama, irushe TikTok yote leo usiku. Ikishasambaa hakuna wa kuificha.

Wakili Kijijini

Tafadhali mama, usifanye hivyo kwanza. Nieleze kwa nini.

Ukiirusha, watakaowahi kuitumia si wale unaowatarajia. Ndani ya saa chache kutakuwa na vipande kumi vya video hiyo, kila mtu amekata anapopenda, na uso wa kijana utakuwa kila mahali kabla mguu wa yule baba haujatajwa.

Pili, usikate chochote kwenye video ya asili. Najua ni kwa huruma, lakini hapo ndipo kesi itakapovunjikia. Wakili wa askari atauliza swali moja tu: kilichoondolewa kilikuwa nini? Ukijibu kwamba ni wizi wa duka, atasema askari alikuwa akikabili wezi na wewe umeficha. Video nzima ndiyo inayomwokoa baba yule, maana inaonyesha wezi walikuwa wameshaondoka na yeye hakuwa nao.

Iache kwenye simu iliyorekodi. Nakala uitoe kwa waya, uiweke kwenye kadi mbili, moja ikae kwa mtu unayemwamini asiyeishi nawe. Usiitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu inabanwa na taarifa za saa na simu iliyorekodi zinapotea. Andika leo hii, kwa mkono wako, ulikuwa wapi, saa ngapi, uliona nini, kisha tia sahihi na tarehe. Mahakamani utahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wakili atakuandalia, si kazi kubwa.

IPOA iliundwa kwa sheria ya 2011, na kazi yake ni kuchunguza polisi, hasa vifo na majeraha mabaya. Kesi ya duka si yao. Lakini sitakudanganya: video ikishakuwa kielelezo mahakamani, haina tena mlango wa kufunga. Kwa hiyo suala la kijana lishughulikiwe kabla, si baada.

Nenda na wakili. Kama uwezo haupo, Chama cha Mawakili, IMLU (shirika linalosaidia waathiriwa wa mateso kwa msaada wa kitabibu na kisheria) na Tume ya Haki za Kibinadamu wamekuwa wakisaidia watu wa kesi hizi bila malipo. Waambie mapema kuhusu wale watu wawili waliokuja jengoni. Kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi, na ombi linaweza kupitia kwa wakili wako au kwa IPOA.

Duka la Luthuli

Nimesoma nikatetemeka, maana mimi niko upande wa pili wa video yako. Siku ile walinimalizia simu, spika, hadi kaunta ya kioo waliondoka nayo. Mkopo wa sacco bado naulipa. Kwa hiyo mtu asiniambie kijana wa katoni alikuwa anadai haki. Ile kodi ya mkate ingeniumiza mimi pia, na sikuvunja duka la mtu.

Lakini nisikilizeni vizuri. Duka langu lilivunjwa mchana kweupe na sikuona askari hata mmoja kwa muda mrefu sana. Halafu jioni viongozi wakawa wanataja hasara yetu kila walipotetea risasi. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimepoteza nini. Nikasikia tu jina letu, wafanyabiashara, linatumika. Sikumtuma askari yeyote ampige msukuma mkokoteni kwa ajili yangu.

Toa video yote, dada. Kijana ashtakiwe wizi, alipe viatu vya watu. Na askari ashtakiwe kwa alichofanya.

Mwanagenzi_254

@Duka la Luthuli pole sana kaka, na nakuheshimu. Ila kushtakiwa wizi ndiko ambako hakuna uhakika. Wizi una kifungu chake na mtoto wa 19 anaweza kulipa akarudi kwao. Siku moja tu baada ya Juni 25, Waziri wa Usalama Kipchumba Murkomen aliita maandamano yale ugaidi. Na Julai 9 rais alisema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, apitie hospitali ndipo aende mahakamani. Kwa mpango huo hakimu anakuja mwisho kabisa.

Duka la Luthuli

Hapo sikupingi. Wizi uitwe wizi.

Chumba cha Habari

Nimekaa katika uhariri wa runinga muda mrefu, niseme kwa nini ilionyeshwa vile, si kuwatetea.

Picha ya duka likivunjwa haihitaji simu hata moja. Inaingia hewani ilivyo. Picha ya askari akimlenga mtu inahitaji umpigie msemaji wa polisi, umwamshe mwanasheria wa kampuni, mhariri mkuu akubali kwa jina lake. Saa ya habari inakaribia, kituo kilizimwa jana, mtu anachagua picha isiyo na mashaka. Ongeza na pesa: Machi 2024 serikali iliagiza matangazo ya runinga ya wizara na mashirika yake yapelekwe KBC pekee, shirika la utangazaji la serikali, na vyumba vya habari vinadai serikali madeni ya zamani. Juni 25, 2024, KTN walitangaza wazi kwamba wanatishiwa kuzimwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, wakazimwa kweli. Mahakama Kuu ilisimamisha amri hiyo siku hiyohiyo, lakini mchana ule wa watu kupigwa ulikuwa umekwisha.

Mhariri aliyepita humo hasubiri amri ya mtu yeyote. Anajifunza mwenyewe kukata.

Ushauri wangu: tafuta ujumbe mliotuma, mhifadhi tarehe na saa. Huo ni ushahidi kwamba video ilikuwepo nzima siku ileile, hakuna atakayesema umeitengeneza. Na ukitaka itangazwe tena, usitume kwa namba ya kituo. Mpe mwandishi mmoja mwenye jina, mkubaliane kwa maandishi kwamba sehemu ya risasi itaonyeshwa kuanzia mkokoteni unaponasa, na nyuso za raia wote zifunikwe. Nakala ya kutangaza inaweza kufunikwa nyuso bila kuiharibu ile ya asili. Mwandishi mzuri atakubali, na bado wapo. Lakini iwe baada ya IPOA kuandikisha maelezo yako.

Msafiri Mwenzangu

Mimi ningenyamaza. IPOA kesi zinakaa miaka. Wewe una cherehani na watoto, watu wameshaanza kuuliza mlinzi. Nani atakulinda Jumapili usiku?

Wakili Kijijini

Hofu hiyo ni ya kweli, na kesi nyingi zinakaa sana. Lakini tazama ya Boniface Kariuki, kijana aliyekuwa akiuza barakoa mjini. Alipigwa risasi kwa karibu Juni 17, akafariki Juni 30. Askari alikamatwa haraka na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akaidhinisha shtaka la mauaji, kwa sababu moja kubwa: watu walikuwa wamerekodi na tendo lote likaonekana. Bila zile video tungekuwa tunasoma taarifa ya kwamba alikuwa mmoja wa wahuni.

Na kuhusu usalama, mama yuko hatarini zaidi akiwa peke yake na simu moja kuliko akiwa ameandikisha maelezo, nakala zipo, na wakili anajua jina lake.

Nyanya wa Machakos

Mwanangu fundi, hawa wamekueleza ya sheria vizuri. Mimi nakuuliza: mama wa huyo kijana anajua?

Kama hajui, nenda kwake kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Usimtumie ujumbe. Nenda jioni watu wakishatulia, keti, mwonyeshe sehemu ya mtoto wake kwa macho yake. Atalia, atakutukana pengine, mwache. Mwambie unakwenda kusema kweli ya baba aliyeumizwa na hutaki yeye aipate habari ya mtoto wake barabarani. Halafu kijana aende na mzazi na wakili, arudishe viatu au alipe mwenye duka, iandikwe. Mtu aliyejileta na mtu aliyefuatwa usiku na gari hawasikilizwi sawa.

Ukimpita mama huyo, hata ukishinda kesi hamtaishi ploti moja.

Fundi wa Sare

Nimerudi. Asanteni wote, hasa nyanya na mwenye duka la Luthuli. Pole kwa hasara, kaka.

Jana nilikwenda. Alikasirika mno, akaniuliza kwa nini nilikuwa nimesimama dirishani. Baadaye akamwita mtoto. Hakukana. Viatu aliuza, bado wanasaka pesa. Mwenye duka la viatu tunamfahamu wote pale mtaani, na amekubali kuonana nao wakiwa na mzee wa kanisa na wakili. Hajaahidi kusamehe, amesema atasikiliza.

Video sitaikata. Nina miadi na wakili wiki hii na nitakwenda na mke wa yule baba. Wamenishauri nisiwe nafungua duka peke yangu kwa sasa, kwa hiyo mpwa wangu anashinda nami.

Swali langu moja limebaki: hospitali walitoa risasi mguuni. Mke anasema aliambiwa askari fulani atakuja kuichukua. Ni sawa?

Wakili Kijijini

Asiitoe kwa mtu asiyejitambulisha, na isiondoke bila maandishi. Leo hii aombe hospitali waandike kwenye faili kwamba risasi ilitolewa, nani aliitoa, iko wapi, na anayeichukua aandike jina, namba ya kazi, kituo na sahihi. Wakili wenu aipigie simu IPOA kabla ya hapo, waitume timu yao. Achukue pia picha za eksirei, muhtasari wa matibabu na kila risiti hata ya panadol, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe na daktari aliyemhudumia wakati jeraha bado linaonekana. Akisumbuliwa kupewa P3 kituoni, aandike siku na jina la aliyemsumbua, aje nayo kwenye miadi.