Mrejesho: kitako cha bunduki ya nyati

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu bunduki yangu ya .375 H&H (aina ya risasi kubwa): kitako, sehemu inayokaa begani, ni kirefu, kinanasa kwenye koti, na picha ndani ya darubini naiona nusu.

Asanteni sana. Nilifumba macho, nikaweka bunduki begani, nikafumbua kama mlivyoelekeza: jicho lilikuwa chini ya darubini. Fundi akapandisha sehemu ya shavu kwa sponji ngumu na ngozi. Hilo ndilo lililosaidia kuliko yote. Kisha akakata kitako sentimita 2 na kurudisha mpira wa mwisho wake unaogusa bega.

Tatizo, jicho likawa karibu mno na darubini. Nilipofyatua risasi ya kwanza, darubini ikanigonga na kunichana nyusi. Tumeisogeza mbele, sasa iko sawa. Teke la bunduki begani halijapungua. Mkikata kitako, pimeni upya umbali wa jicho na darubini kabla ya kufyatua.