Shoga yangu anakuja Kampala kutoka Tanga, nimlishe nini jamani?

Mama Swabra, Kawempe
Habari zenu wapendwa, naomba ushauri. Nina shoga yangu tumekua wote Tanga mtaa mmoja, mimi nikaolewa huku Kampala, mwaka wa tisa sasa hatujaonana, ni simu tu, sauti za wasap saa tano usiku watoto wakishalala, leo umepika nini, mimi maharage, mimi dagaa, basi ndo maisha yetu. Sasa kapata nafasi anakuja Novemba, siku nne tu, basi mpaka Nairobi alafu anaingilia Busia. Shida ni kwamba miaka yote hii nimemsifia vyakula vya huku mpaka nikatia chumvi, na yeye mwenyewe ni mpishi wa shughuli, sio mtu wa kudanganywa na pilau. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba huku matoke yanaliwa bila nazi alinyamaza kwenye simu kama nimempa habari ya msiba. Na rolex nilimwambia sio saa ni chapati, akadhani namtania. Nianzie wapi?

Kijana wa Wandegeya
Rolex mlete Wandegeya usiku, hapa karibu na Makerere, wanafunzi ndo wanajua nani anakaanga vizuri, we fuata foleni. Mwambie jamaa mayai matatu chapati mbili, kabichi na nyanya akate mbele yenu, akunje, ale kwa mkono amesimama. Mgeni akiuliza jina mwambie ni Kiingereza cha mayai ya kuviringishwa watu wakakivuta mpaka kikawa saa ya matajiri. Ila usimpeleke hotelini mkaletewa imekatwa vipande kwenye sahani na uma pembeni, hiyo sio rolex hiyo ni adhabu. Alafu Novemba si ndo msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa? Kiganda mwezi wenyewe unaitwa Museenene. Kama mwaka ni mzuri mpeleke njia ya Masaka usiku aone zile taa kali na mabati yamesimamishwa kwenye mapipa, panzi wanagonga bati wanateleza ndani.

Jajja wa Bombo
Mwanangu Mama Swabra, mimi ni Mnubi ila nimeolewa na Muganda, mwaka wa 31 huu, kwa hiyo nisikilize. Mgeni mpishi usimpe matoke ya kuchemsha kwenye maji. Menya, funga kwenye majani ya mgomba, chini ya sufuria panga vikonyo vya hayo majani ili maji yasiguse chakula, moto wa mkaa taratibu. Yakiiva yakande kwa mikono yakiwa ndani ya majani hayo hayo kisha RUDISHA jikoni yakae hata saa nzima. Wasichana wa siku hizi wanaruka hapo pa kurudisha ndio maana matoke yao yana mabonge. Binyebwa nayo, karanga za kusaga koroga na maji baridi kwanza, usifunike na usiondoke hata kama simu inaita, ikifurika utafuta jiko mpaka jioni. Ukipata samaki ngege (perege) wa moshi mtumbukize humo, hata nazi ataisahau. Siku ya nne mlete Bombo nimpikie kisra, mkate wetu mwembamba wa Kinubi.
Kuhusu nsenene, mama mkwe wangu Mungu amrehemu hakuonja hata moja maisha yake yote, wala kuku, wala mayai, wanawake wa Kiganda wa zamani walikuwa hawali hivyo. Anakaa na ungo anang'oa mabawa na miguu, anakaanga na kitunguu, wanaume wanakula. Mimi niliingia nikala wakanitazama!

Mtu wa Mbale
Malewa mmesahau wote au mnafanya makusudi? Machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, yamekaushwa kwa moshi, unaloweka, unachemsha, unapika kwa karanga. Angepitia Malaba angeshuka Tororo nikamchukua. Basi nitamtumia fungu moja Kampala, mama niambie utachukulia stendi ipi.

Shoga mwenyewe, Tanga
Nyie watu nimesoma yote. Kwanza sio mwaka wa tisa ni wa kumi, ulipoondoka nilikuwa na mimba ya Idi na Idi yuko darasa la nne, we hesabu ilikushinda tangu madrasa. Pili nazi naleta kumi na mbuzi ya kukunia naleta, maana kila wiki unanililia bei ya nazi za huko. Rolex naitaka, malewa nayataka, bibi wa Bombo shikamoo, hiyo kisra usiisahau. Panzi sili. Nitang'oa mabawa kama marehemu mama mkwe, ila mayai nakula. Na usiku wa kwanza usinipikie chochote cha kujionyesha, nitakuwa na siku mbili za basi mgongoni, nipe posho, huo ugali wenu, na maharage, yale unayounguzaga ukiwa unaongea na mimi.

Mama Swabra, Kawempe
Weee! Kumbe uko humu tangu lini?? Na maharage nimeunguza mara mbili tu, ya pili ilikuwa kosa lako, hukukata simu. Jajja asante, karanga nimeshanunua kilo mbili, kesho najaribu na mlango nimefunga. Mtu wa Mbale nakuandikia pembeni. Shoga, ng'onda pia leta, ufunge vizuri isije ikanukia basi zima wakakushusha Namanga.